Jina la Nyasa na Timu ya Taifa ya Malawi, kama Yaonekanavyo kutoka Mwambao wa Mbinga

Mtu ashukaye kutoka milima ya Umatengo, akiyaacha nyuma mashamba ya kahawa na ngolo za Mbinga, hata akafika Mbamba Bay, huona mbele yake maji yenye majina mawili. Kwa Kiswahili ni Ziwa Nyasa. Kwa serikali na wenyeji wa ng'ambo ya magharibi ni Ziwa Malawi. Ugomvi wa mpaka ulioletwa na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 unao waandishi wake, na wengi ni wanasheria. Habari inayotafutwa hapa ni ya lugha: jinsi jina la zamani lilivyobaki upande wa mashariki, na jinsi jina jipya lilivyochukuliwa kutoka nchi hadi nchi na vijana kumi na mmoja wachezao kandanda.

Asili ya jina la zamani haina fumbo. Nyasa ni neno la Kiyao, na ndugu zake ni nyanja ya Kinyanja na nyanza ya lugha za kusini ya Ziwa Viktoria. Maana yake ni maji mapana, yaani ziwa lenyewe. Livingstone alipofika mwaka 1859 alilichukua neno la kawaida akalifanya jina la pekee, na tangu hapo wazungumzao Kiswahili husema “Ziwa Nyasa” bila kuona kwamba wamesema ziwa mara mbili. Kosa hilo, kama ni kosa, limefanywa katika nchi nyingi za dunia na halimdhuru mtu. Waingereza nao walipotaka jina la milki yao waliongeza neno lao la nchi, ikawa Nyasaland.

Malawi ni jina la namna nyingine. Lapatikana katika maandishi ya Wareno wa karne ya 17 kwa umbo la Maravi, likitaja watu na dola yao. Dokta Hastings Kamuzu Banda alieleza kwamba aliliona katika ramani ya kale ya Kifaransa. Mwaka 1959 lilitumika kwa chama, Malawi Congress Party. Mwaka 1964 likawa la nchi. Na lile ziwa likafuata. Kisha mwaka 1968 lugha ya Kinyanja ikaitwa Kichewa kwa amri ya chama na serikali. Basi katika muda usiotimia miaka kumi, mizizi ya nyasa na nyanja iliondolewa katika nchi, katika ziwa na katika lugha ya upande wa magharibi. Upande wa mashariki haikuguswa.

Timu ya kandanda ya nchi hiyo ilizaliwa kabla ya jina lake. Mwaka 1962, nchi ikali ndani ya Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, timu ya Nyasaland ilicheza na Ghana ikafungwa mabao 12 kwa 0. Ghana ya wakati ule ilikuwa nchi huru ya miaka mitano, yenye kandanda iliyosifiwa Afrika nzima, na mwaka uliofuata ikatwaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Hakuna timu ya Malawi iliyopata kufungwa mabao mengi zaidi ya hayo tangu siku ile.

Baada ya uhuru timu ikapewa lakabu ya Kiingereza, The Flames. Wako wanaodhani kwamba lakabu hii ni tamko tupu la ushujaa, kama Simba au Chui za timu nyingine, lakini sivyo. Katika Kichewa lawi ni ulimi wa moto, na wingi wake ni malawi, kwa ngeli ile ile ya jicho na macho ya Kiswahili. Kwa hiyo lakabu ni tafsiri ya jina la nchi, na mwenye kusema “Malawi The Flames” amesema miali mara mbili, kama asemaye “Ziwa Nyasa” alivyosema ziwa mara mbili. Tofauti ni kwamba hapa urudufu umepitia Kiingereza. Yafaa kuuliza kwa nini timu haikuitwa kwa lugha ya nyumbani, kama Zambia ilivyoiita timu yake Chipolopolo. Lakini Tanzania haina haki ya kucheka, maana timu yake ni Taifa Stars, nusu Kiswahili na nusu Kiingereza.

Neno taifa lataka maelezo zaidi. Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni kundi au kikosi cha watu, na Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 yaonyesha kwamba lilitumika kwa kabila na kwa taifa pia. “Timu ya taifa” basi ni timu ya watu. Kichewa husema timu ya dziko, na dziko ni nchi, ardhi, hata dunia. Wachewa wanalo neno la watu wa asili moja, yaani mtundu, lakini hawakulichagua kwa timu hii. Jambo hili si dogo. Malawi, nchi ya kilomita za mraba 118,484 pamoja na maji yake, ina Wachewa, Wayao, Walomwe, Watumbuka, Watonga, Wangonde, Wasena na wengine, na ardhi ndiyo waliyokuwa nayo pamoja kabla ya kuwa na jambo lingine la shirika. Kiswahili kilichukua neno la kundi la watu kikalipanua. Kichewa kilichukua neno la udongo. Kila moja yafikia timu kwa njia yake.

Katika maneno ya mchezo wenyewe, ng'ambo mbili za ziwa zaonekana kuwa jirani kuliko siasa zao. Kiswahili husema mpira wa miguu, Kichewa mpira wa miyendo. Mpira kwanza ulikuwa utomvu. Katika miaka ya 1880 na 1890 mpira wa msituni ulikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa zilizotoka nyanda za kusini kwenda Kilwa na Lindi, na neno liliujua mzigo wa mpagazi kabla ya kuujua uwanja. Katika lugha zote mbili limebaki na maana zote mbili. Miyendo nayo ni miguu kwa Kichewa, na kwa Kiswahili umoja wake, mwendo, umebaki kuwa kazi ya miguu tu.

Penye maneno mapya, lugha hizi zaachana. Neno la Kiingereza la goli limeingia Kiswahili katika ngeli ya goli na magoli. Katika Kichewa limevikwa kiambishi, likawa chigoli na wingi zigoli, sawa na kiti na viti. Kiswahili kina neno lingine, bao, lililotoka katika mchezo wa kete ambao Wamalawi pia huucheza sana na kuuita bawo. Lakini tofauti ipendezayo zaidi imo katika vitenzi. Mswahili humfunga mwenziwe, na aliyeshindwa amefungwa, kama mtu aliyetiwa kamba au gerezani. Mmalawi husema kumwetsa, ambayo ni kunywesha: mfungaji humnywesha mpinzani zigoli. Mfasiri wa habari za michezo asiyejua jambo hili atapata taabu, naye asishangae.

Mchezo huu ulifikaje ziwani? Njia zilikuwa zaidi ya moja, na ile ya wamisheni wa Blantyre hutajwa kila mara. Njia ya Unguja husahauliwa. Katika shule ya Kiungani, ya misheni ya U.M.C.A., kandanda ilichezwa tangu karne ya 19, na kutoka hapo walimu na makasisi walipelekwa Likoma na mwambao wote wa ziwa. Augustine Ambali, aliyekombolewa utumwani akasomea Kiungani, alifanya kazi ziwani kwa miaka mingi. Watu kama yeye walikwenda na Kiswahili vichwani mwao, wakafundisha kwa Kinyanja, maana ndiyo lugha misheni iliyoichagua. William Percival Johnson, aliyetafsiri Maandiko kwa Kinyanja, alifariki Liuli mwaka 1928. Hivyo katika vijiji vya Liuli na Mbamba Bay, kanisa lilisali Kinyanja wakati ofisi ya Mjerumani, na baadaye shule ya Mwingereza, zikitumia Kiswahili. Haielekei kwamba mpira ulibaki mlangoni ukingoja lugha gani itashinda.

Miaka iliyofuata uhuru haikuwa ya udugu. Mwaka 1964 mawaziri waliokosana na Banda walikimbia nchi, na Kanyama Chiume, mzaliwa wa Usisya katika Nkhata Bay, akaishi Dar es Salaam, akaandika vitabu kwa Kiswahili. Mwaka 1967 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba mpaka wapita katikati ya ziwa. Mwaka 1968 Banda alidai kwamba mipaka ya asili ya Malawi yafika kaskazini mbali kuliko mto Songwe na mashariki hadi Bahari ya Hindi. Kwa hesabu hiyo Umatengo wote ungekuwa wake. Ilikuwa ni katika mashindano ya nchi za Afrika Mashariki na Kati ambapo jina la Malawi lilitajwa pasipo hasira. Na jina hilo lilijitengenezea heshima: Malawi ilitwaa kombe la CECAFA mwaka 1978, ikalitwaa tena mwaka 1979, na mara ya tatu mwaka 1988. Mwaka 1984 ilifika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Ivory Coast, ikatoka sare ya mabao 2 kwa 2 na Nigeria. Mwaka 1987 ikapata nishani ya shaba katika Michezo ya Afrika mjini Nairobi. Magazeti ya Kiswahili yakazoea kuandika Malawi kwa timu na Nyasa kwa ziwa, na msomaji hakuona mgongano wowote. Yaliyowashinda wanabalozi yalitengenezwa na wahariri wa michezo bila mkutano.

Orodha ya wachezaji nayo ni hati ya mwanaisimu. Tarehe 11 Januari 2010, mjini Luanda, Malawi iliifunga Algeria mabao 3 kwa 0. Algeria hiyo ilikuwa imekwisha kufuzu Kombe la Dunia la mwaka ule, tena ndiyo iliyoifunga Malawi kwa hesabu hiyo hiyo mwaka 1984. Wafungaji walikuwa Russel Mwafulirwa, Elvis Kafoteka na Davi Banda, na mwalimu wao Kinnah Phiri, aliyekuwa mshambuliaji wa timu iliyotwaa makombe ya 1978 na 1979. Phiri na Banda ni majina ya koo za kale za Wamaravi, wale wale walioipa nchi jina. Mwafulirwa ni jina la kaskazini, la upande wa Karonga, na kiambishi chake cha Mwa- ndicho kile cha majina ya Wanyakyusa wa Rungwe. Katika bao la kwanza na la tatu la siku ile, mkia wa ziwa na kichwa chake vilikutana. Malawi haikuvuka hatua ya makundi hata hivyo, kwa kuwa ilifungwa na Angola na Mali. Ilibidi kungoja hadi Januari 2022, nchini Kameruni, ilipoishinda Zimbabwe 2 kwa 1, ikatoka bila kufungana na Senegal iliyokuja kuwa bingwa, kisha ikatolewa na Moroko katika hatua ya timu 16.

Hapa ndipo mwambao wa Mbinga unapowadai wataalamu haki yake. Katika uainishaji wa Guthrie wa mwaka 1948, Kimanda, Kingoni, Kimatengo na Kimpoto ni N11 hadi N14. Lugha inayofuata, N15, ni Kitonga cha Nkhata Bay, ng'ambo ya pili ya ziwa. Kinyanja ni N31a na Kichewa N31b, mbali kidogo na hao. Maana yake ni kwamba Mtonga wa Nkhata Bay ashangiliaye timu ya dziko, kwa lugha yake ya nyumbani, amewekwa karibu na Mmatengo wa Mbinga, shabiki wa Taifa Stars, kuliko alivyo karibu na Mchewa wa Lilongwe aketiye naye jukwaani. Timu imeunganisha watu kwa ardhi, kama neno dziko lisemavyo, wala haikudai kuwaunganisha kwa lugha.

Kwa sababu hiyo si vizuri usemi wa Wanyasa wa Tanzania kuandikwa katika orodha za maktaba kuwa Kichewa, ati kwa kuwa serikali ya nchi nyingine ilibadili jina mwaka 1968. Wenyewe hujiita Wanyasa na lugha yao Kinyasa, na amri ya Zomba haikuvuka maji. Mwaka 2012, mwaka ule ule ugomvi wa mpaka ulipofufuka, serikali ya Tanzania iliigawa Wilaya ya Mbinga, na sehemu ya mwambao, yenye makao yake Mbamba Bay, ikaitwa Wilaya ya Nyasa. Jina lililoachwa magharibi miaka 48 kabla likapata mhuri wa serikali mashariki. Mtu atakayeyatafuta leo yale mabao 12 ya mwaka 1962 katika majedwali ya kandanda atayakuta yameandikwa chini ya Malawi, nchi ambayo siku ile haikuwapo.