Mkono Ulijifunzia Wapi?

Historia ya upasuaji tumezoea kuisoma kama orodha ya hospitali kubwa na tuzo. Mimi huwa najiuliza swali dogo zaidi: mkono wa mpasuaji ulijifunzia wapi kabla haujamgusa mgonjwa? Mara nyingi jibu ni nyumbani, kwa vitu vya bei rahisi.

Chukua Lyon, Ufaransa, 1894. Rais Sadi Carnot alichomwa kisu, ukakatwa mshipa mkubwa wa damu tumboni. Akafa, kwa kuwa wakati ule mishipa ya namna hiyo ilionekana haishoneki. Mwanafunzi mmoja wa udaktari, Alexis Carrel, hakukubali. Alikwenda kwa fundi wa kudarizi, Madame Leroudier, akajifunza kushika sindano nyembamba, kisha akajizoeza kushona karatasi. Mwaka 1912 alipata Tuzo ya Nobel. Yaani kazi ile ile ya mama zetu wanaodarizi vitambaa vya makochi ndiyo iliyofungua njia ya kuunga mishipa ya damu.

Sasa rudi nyuma miaka 15, uje huku kwetu. Mwaka 1879, huko Kahura, Bunyoro, Robert Felkin alishuhudia mama akipasuliwa ili mtoto atolewe. Mpasuaji alinawa mikono kwa pombe ya ndizi, akaosha na tumbo la mama. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto. Kidonda kilibanwa kwa misumari 7 myembamba iliyong'arishwa, ikafungwa kwa uzi wa magome ya mti. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona. Felkin alichapisha habari hiyo Edinburgh mwaka 1884. Jina lake tunalo. La mpasuaji hatunalo. Lakini mtu hafanyi kazi safi namna ile kwa kubahatisha. Mkono ule ulikuwa umefundishwa.

Na misumari ile je? Nyuma yake kulikuwa na mhunzi. Mimi ni mtu wa Kighare, na nikisoma habari hiyo nawakumbuka Washana, ukoo wa wahunzi wa Ugweno, jirani zetu hapa Upare Kaskazini. Isaria Kimambo aliandika habari zao katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare. Sisemi kwamba Washana walipasua watu. Nasema milima hii inajua siku nyingi kwamba ufundi wa mkono hurithishwa kwa kurudiarudia, kijana akimtazama mzee.

Mpwa wangu anasomea utabibu. Akija likizo, mguu wa meza unageuka darasa: anafunga mafundo kwa kamba ya kiatu, mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha macho kafumba. Ndizi anaichana kwa wembe na kuishona ganda. Akivuta uzi kwa nguvu, ganda linachanika, na hapo anajua amekosea. Kipande cha godoro kinamfundisha kupima kina cha sindano. Wenzetu Ulaya hutumia miguu ya nguruwe, lakini nyumba nyingi za Usangi ni za Waislamu, basi yeye anaomba ngozi ya kuku. Bibi yake analalamika eti ndizi zinaharibiwa bure!

Bibi ana hoja, maana ndizi haitoi damu wala haihemi. Haiwezi kumfundisha mtu lini apasue na lini aache. Hilo linataka mwalimu na chumba cha upasuaji. Lakini vidole vikishazoea, akili inabaki huru kumwangalia mgonjwa.

Tanzania ilianza kuwafundisha madaktari wasaidizi miaka ya 1960, watu wasio na shahada ya udaktari, wakaenda kupasua wilayani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu Kigoma na Mwanza ulionyesha kwamba wao ndio waliofanya zaidi ya asilimia 80 ya upasuaji mkubwa wa uzazi, na matokeo yao hayakutofautiana kwa maana na ya madaktari kamili.

KCMC ipo Moshi tangu 1971, na tunaishukuru. Ila mama akishikwa na uchungu usiku wa masika huku juu, kwanza kuna kona zote za kushuka Mwanga, ndipo ianze safari ya Moshi. Usiku huo anamhitaji mtu aliye karibu, mwenye vidole vilivyokwisha kufunga fundo lile mara elfu.