Mwafrika Aliyewapikia Wazungu Maji ya Bahari

Mwaka jana nilipanda boti Lamu kwenda Kiwayu kushuti video. Maji yangu yaliisha hata hatujapita Pate. Kijana wa boti akanionyesha pipa la plastiki, halina kifuniko, kikombe kimoja kimefungwa kwa kamba na kila abiria anachovya mkono mpaka kifundo. "Ni ya kisima, ni safi," akaniambia. Nikanywa. Siku tatu za Kiwayu nilizimaliza chooni, video sikushuti hata moja.

Pengine kisima kilikuwa safi kweli. Lakini pipa je? Na ile mikono yetu yote?

Nilipopona nikaanza kusoma vile mabaharia wa kitambo walivyokuwa wanakunywa, maana hao walikaa baharini miezi. Wasee, ilikuwa mbaya. Meli za Uingereza zilibeba maji kwa mapipa ya mbao. Yanajazwa yakiwa safi, baada ya wiki kadhaa yanageuka kijani, yanateleza, yananuka. Na bado watu walikunywa, kwa sababu pembeni kuna bahari nzima ambayo huwezi kunywa.

Mwaka wa 1772 bunge la Uingereza likampa daktari mmoja, Charles Irving, pauni 5,000 kwa njia yake ya kutoa chumvi kwenye maji ya bahari. Njia yenyewe si ya ajabu. Unachemsha maji kwa sufuria kubwa ya jikoni la meli, moto ule ule wa kupikia, mvuke unapita kwa bomba, bomba linapozwa kwa matambara yaliyolowa, upande wa pili yanatoka maji matamu. James Lind, yule daktari wa ndimu na kiseyeye, alikuwa ameonyesha mbinu kama hiyo miaka kumi hivi mbele. Pesa zikaenda kwa Irving. Hayo ni yao.

Mimi nilishtuka na kilichofuata. Juni 1773 meli mbili, Racehorse na Carcass, ziliondoka Uingereza kutafuta njia kupitia Ncha ya Kaskazini. Irving alikuwa kwa Racehorse. Na aliyesimamia mtambo wake alikuwa Olaudah Equiano, mtu aliyekuwa mtumwa na akajinunulia uhuru mwaka wa 1766. Kwa kitabu chake cha 1789 anasema alizaliwa kwa Waigbo, akaibwa akiwa mtoto. Mtu aliyevushwa bahari kama mzigo sasa ndiye anawapa mabaharia maji ya kunywa, kutoka bahari hiyo hiyo! Anaandika kwamba mara nyingi alitoa galoni 26 mpaka 40 kwa siku, maji safi, yenye ladha nzuri, bila chumvi.

Nilisoma chuo mwaka mmoja na nusu kabla niache, na hii stori sikuisikia hata siku moja. Nelson nilimsikia. Nelson pia alikuwa kwa safari hiyo, kijana wa miaka 14 kwenye Carcass. Sasa niambie, kati ya hao wawili nani alikuwa na kazi ya maana zaidi ndani ya meli?

Equiano naye hakuwa malaika. Alilala kwa stoo ya daktari, imejaa vitu vya kushika moto, na usiku anaandika shajara kwa mshumaa. Siku moja cheche ikaruka, chumba kikawaka, nusura aangamie humo ndani. Akakatazwa kuingia tena na taa. Baadaye akaingia nayo tu, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kuandikia. Hapo ndipo nilimpenda kabisa.

Vile naona mimi, siri ya yale maji haikuwa bomba peke yake. Kulikuwa na mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa maji, na ukiuliza nani anahusika, jina lipo. Kwenye ile boti ya Kiwayu kulikuwa na mtu wa injini, mtu wa nauli, mtu wa kupanga mizigo. Pipa halikuwa la mtu.

Mwezi uliopita nikarudi Lamu, boti nyingine. Nikamuuliza nahodha, mzee wa makamo, "Shikamoo. Hapa pipa la maji huoshwa na nani?"

"Marahaba." Akafikiria kidogo, kisha akamgeukia kijana wake: "Hebu, huoshwa na nani?"

Kijana akamwangalia mwenzake.

Nikatoa chupa yangu.