Petrograd, Yan'an, Kimilili

Mwaka wa 2010 mwanahistoria Mwingereza Perry Anderson alichapisha insha ndefu katika jarida la New Left Review, akiweka mapinduzi ya Urusi na ya Uchina kwenye mizani moja. Swali lake halina mzunguko. Chama cha Urusi ndicho kilichokifunza cha Uchina kutembea. Sasa mbona dola ya mwalimu ilivunjika 1991, miaka 74 baada ya mapinduzi, na mwanafunzi bado ameshika usukani?

Sehemu ya jibu iko mwanzoni kabisa. Wabolsheviki waliteka dola mijini, katika miezi michache ya 1917, jeshi likiwa hoi kwa vita. Vijijini, ambako Warusi wengi waliishi, hawakuwa na mizizi. Wachina waliunda chama 1921, wakachinjwa mijini 1927, wakakimbilia mashambani. Baada ya ile safari ndefu ya miguu ya 1934 na 1935 walipiga kambi Yan'an, wakaishi na wakulima, wakawapunguzia kodi ya ardhi, wakapigana na Wajapani. Walipochukua nchi 1949, kijiji kilikuwa kinawajua kwa zaidi ya miaka 20. Ni kweli, kijiji hicho hicho kilikuja kufa njaa kwa mamilioni chini ya Mao, na hilo lisifichwe. Lakini walipoingia hawakuwa wageni.

Kila nikisoma insha hiyo, kichwa changu hakikai Petrograd wala Yan'an. Kinarudi huku kwetu, kati ya Kitale na Bungoma, kwa Elijah Masinde.

Wengi wetu tulimjua Masinde kupitia hadithi za wazee: nabii, mtu wa kulaani, aliyetabiri hili na lile. Hadithi tamu, lakini zinaacha jambo moja nje, nalo ni ardhi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mashamba ya Trans Nzoia yaligawiwa masetla, wengine wao wanajeshi waliotoka vitani. Reli ikafika Kitale 1926. Wabukusu na Wasabaot walioishi au kulisha huko wakageuka maskwota. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota amfanyie setla kazi angalau siku 180 kwa mwaka. Ile ya 1937 ikaruhusu siku ziongezwe na ng'ombe wake wapunguzwe. Upande wa Bungoma, machifu walisimamia kodi na kazi za lazima.

Hapo ndipo Masinde anapoingia. Jamaa alikuwa mcheza mpira hodari wa Kimilili, aliyelelewa katika kanisa la Makweka kisha akaliacha. Dini ya Msambwa iliwaambia watu warudie misambwa, yaani mizimu ya mababu, na kwamba mzungu lazima aondoke na ardhi irudi. Alifungwa 1944. Mwaka uliofuata serikali ikampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili, Mathare, akatoka 1947. Septemba hiyo akaongoza maelfu hadi Chetambe, karibu na Webuye, kuwakumbuka Wabukusu waliouawa na Waingereza 1895. Februari 1948 polisi walifyatulia umati risasi Malakisi, watu 11 wakafa. Dini ikapigwa marufuku, Masinde akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, asirudi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mkoloni alimwita mwendawazimu. Sisi tumemwita nabii. Ukiangalia vizuri, majina yote mawili yanafanya kazi moja: yanamtoa kwenye siasa. Mwendawazimu hana hoja, na nabii hahitaji hoja. Mwaka wa 1927, Mao alipoandika ripoti yake kuhusu wakulima wa Hunan, alieleza jinsi matajiri walivyowaita wakulima hao wahuni tu. Mchezo ni ule ule. Ndiyo maana kulinganisha kunasaidia. Mwaka wa 1977 msomi Audrey Wipper alitoa kitabu Rural Rebels, akaiweka Dini ya Msambwa kando ya Mumbo, vuguvugu la Gusii na Nyanza Kusini. Ukiweka wawili pamoja, huwezi tena kusema huyu alikuwa na kichaa chake binafsi.

Lakini mizani inapima pande zote. Kama hasira ya ardhi ilifanana, mbona Kimilili haikuwa Yan'an?

Theda Skocpol, aliyelinganisha Ufaransa, Urusi na Uchina katika kitabu cha 1979, anasema hasira peke yake haitoshi, lazima dola yenyewe ipasuke. Ya Urusi ilipasuliwa na vita. Ya Uchina ilikuwa vipande mikononi mwa wababe wa kivita, kisha akaja Mjapani. Uingereza ilitoka vitani 1945 imechoka, lakini huku kwetu chifu, askari na jela vilikuwa bado vinafanya kazi.

Pili, skwota hakuwa na pa kusimama. Alilala, alilima na kupanga uasi kwenye ardhi ya mtu ambaye angeweza kumfukuza asubuhi. Majengo yalichomwa, hata kwenye mashamba ya masetla Trans Nzoia. Mwaka wa 1950 ujumbe ulikuwa umefika kwa Wapokot, na damu ikamwagika Kolloa. Ujumbe ulisafiri kuliko mpango. Hakukuwa na mahali pa kuukalisha miaka kumi ukomae.

Uhuru ulipokuja, Dini ya Msambwa ilisajiliwa 1964, ikapigwa marufuku tena 1968. Mashamba mengi makubwa ya Trans Nzoia yaliishia kwa wenye pesa na wenye majina. Masinde aliendelea kuonja jela ya serikali ya Waafrika wenzake. Alifariki 1987.

Nayasema haya kwa sababu ya neno mapinduzi, ambalo kizazi chetu kimelitumia sana tangu Juni 2024. Tarehe 25 vijana waliingia bungeni, na usiku huo rais akazungumzia uhaini. Kesho yake akakataa kutia sahihi Mswada wa Fedha. Dola iliyumba, haikupasuka. Na sisi tulikuwa tumejipangia wapi? Kwenye X na TikTok, shamba la mtu mwingine, ambaye anaweza kutufungia lango asubuhi bila hata notisi. Ukiniuliza, huo ni uskwota. Kabla hatujabishana nani jasiri kuliko nani, tuulizane kwanza tuna ekari ngapi zetu wenyewe: vyama vya wafanyakazi, vikundi vya mtaa, kamati za soko, mahali ambapo mama mboga wa Chwele na kibarua wa Kiminini wanatujua kwa jina hata mwezi ambao hakuna maandamano.