Dhambi Ile na Mwenzetu Yule

Mara nyingi wakristu hutuuliza Eklezya inafundisha nini juu ya mwanamume anayelala na mwanamume, au mwanamke na mwanamke. Tukijibu kwamba Eklezya inahesabu matendo hayo kuwa dhambi, wengine hawangoji neno la pili. Wanakwenda kutukana, kufukuza, hata kupiga, na kudhani wanamtumikia Mungu. Wameshika nusu ya fundisho. Basi tutazame mambo ya zamani, tuone nusu ya pili.

Mnamo mwaka 1049, mmonaki wa Italia, Mtakatifu Petro Damiani, aliandika kitabu kikali juu ya dhambi hiyo kati ya mapadri, akampelekea Papa Leo IX. Alitaka walioanguka waondolewe katika daraja yao. Papa alisifu bidii yake, naye pia alilaumu dhambi ile. Lakini hakukubali kuwahukumu wote sawasawa. Wale ambao hawakuizoea kwa muda mrefu wala kuitenda na watu wengi, wakitubu kama inavyopasa, aliwaachia tumaini la kubaki katika daraja.

Baadaye wafalme wa Ulaya waliitia dhambi hiyo katika sheria zao. Kule Uingereza, sheria ya mwaka 1533, wakati wa mfalme Henry VIII, iliamuru mkosaji auawe. Adhabu ya kifo iliondolewa mwaka 1861, lakini kifungo kilibaki. Mwaka 1954 serikali iliweka kamati, chini ya John Wolfenden, kuichunguza sheria hiyo. Kardinali Bernard Griffin, Askofu Mkuu wa Westminster, akachagua wakatolika watoe shauri lao. Mwaka 1956 walijibu hivi: matendo hayo ni dhambi, lakini si kazi ya serikali kuadhibu kila dhambi; watu wazima waliopatana kwa siri wasipelekwe gerezani. Sisi sote twajua kwamba majivuno ni dhambi, lakini hakuna tribinali inayomfunga mtu kwa majivuno. Sheria ile ilibadilishwa Uingereza mwaka 1967.

Roma nayo ilisema wazi. Tarehe 1 Oktoba 1986, Kardinali Joseph Ratzinger aliwaandikia maaskofu wa dunia nzima. Barua yake ilikataza matendo hayo kama zamani, na barua ileile ililaumu maneno mabaya na mapigo wanayopata watu hao. Katekisimu ya mwaka 1992 inatuagiza kuwapokea kwa heshima na huruma, bila kuwatenga isivyo haki.

Tusiseme kwamba hayo ni mambo ya wazungu tu. Mwaka 2023 Papa Fransisko alikuja kwetu Kinshasa, kisha akaenda Juba. Tarehe 5 Februari, akirudi kwa ndege, alisema kwamba kuwahesabu watu hao kuwa wahalifu ni udhalimu. Mwezi wa Desemba Roma iliruhusu mapadri kuwabariki watu wawili wa jinsia moja wanaoishi pamoja, ila si kama ndoa. Mwezi wa Januari 2024, maaskofu wa Afrika, kwa kinywa cha Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, walikataa baraka hiyo. Lakini katika tangazo lilelile waliagiza watu hao watendewe kwa heshima. Anayesifu maaskofu kwa neno la kwanza, na asikie pia la pili.

Wapenzi wasomaji, Msamaria mwema hakumwuliza yule majeruhi dhambi zake. Alimfunga vidonda. Kijana akifukuzwa na jamaa yake, au akipigwa njiani kwa ajili ya jambo hili, hatuombwi kuita dhambi wema. Tunaombwa kuzuia mkono wa anayepiga, na kumpa yule kijana maji na mahali pa kulala. Maana Bwana wetu Yezu Kristu, alipoagiza kumpenda mwenzetu, hakuandika majina ya wale tunaoweza kuwaruka.