Smith: Jina la Mhunzi Lisilo na Ukoo

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuliita lile jina ambalo Mwingereza huliandika mwisho "jina la ukoo". Tafsiri hii yapendeza masikioni, nayo imekwisha kuenea katika fomu za shule, za benki na za serikali. Lakini mwanafunzi aliyelelewa katika nchi yenye koo za kweli hupotoshwa nayo, kwani hudhani kwamba watu wawili waitwao Smith wana babu mmoja, mwiko mmoja na mazishi mamoja, na kwamba hawawezi kuoana. Mambo sivyo yalivyo hata kidogo. Basi yafaa tulichukue jina hilihili la Smith, ambalo ndilo maarufu kuliko yote ya Kiingereza, tulifuate tangu lilipozaliwa mpaka lilipofika leo, ndipo tutakapoweza kuamua kama neno "ukoo" lalistahili.

Maana yake haina fumbo. Smith ni mhunzi, yaani mtu wa fuawe na nyundo, wa mivukuto na koleo. Vitabu vingi vya zamani, na walimu wengi waliovifuata, husema kwamba neno hili limetokana na kitenzi cha Kiingereza cha kale chenye maana ya kupiga, kwa kuwa mhunzi hupiga chuma. Maelezo hayo ni matamu, lakini si sahihi. Ni mfanano wa sauti tu, kama ule uwadanganyao wanafunzi wetu wanapotaka kila neno la Kiswahili litoke katika neno jingine linalofanana nalo. Wataalamu wa lugha za jamii ya Kijerumani wamekubaliana kwamba hapo kale neno hili lilimtaja fundi yeyote achongaye au atengenezaye kitu kwa mikono, awe wa mti au wa madini. Baadaye ndipo maana yake ilipofinywa ikabaki kwa afuaye madini peke yake.

Na hata baada ya kufinywa, kazi yenyewe ilikuwa na matawi mengi, kila tawi likazaa jina lake. Goldsmith ni sonara. Arrowsmith ni mfua vigumba vya mishale. Shoesmith alitengeneza viatu vya chuma vya farasi. Sixsmith haihusiani na hesabu ya sita ng'o, bali ni mfua miundu. Sauti za jina zimelegea kwa kutamkwa na watu wasiojali tena lilikotoka. Naismith ni mfua visu, na wapenzi wa michezo watamkumbuka James Naismith, mzaliwa wa Kanada, aliyebuni mpira wa kikapu mwaka 1891. Yeye hakufua kisu maishani mwake, naye alikuwa mwalimu.

Sasa latujia swali ambalo wanafunzi hupenda kuliuliza, nalo ni swali la akili. Ikiwa Waingereza wa karne za kati karibu wote walikuwa wakulima, mbona jina lililoenea kupita yote ni la mhunzi wala si la mkulima? Jibu limo katika kazi ya jina lenyewe. Jina la ziada hupewa mtu ili atofautishwe na wenziwe. Katika kijiji ambamo watu mia wanashika jembe, kumwita mmoja wao "mkulima" ni kama kutomwita. Lakini mhunzi alikuwa mmoja, au wawili wakizidi, na kila mtu alimhitaji: mwenye plau, mwenye farasi, mwenye mlango utakao bawaba. Basi kila kijiji kikawa na Smith wake. Vijiji vilikuwa maelfu, na maelfu hayo ya wahunzi hawakuwa ndugu wala hawakujuana. Hapo ndipo wingi wa jina hili ulipoanzia, na hapo hapo ndipo dhana ya ukoo inapovunjika, kwani jina limechipuka mahali pengi kwa wakati mmoja, kama nyasi baada ya mvua, wala halikutoka katika shina moja.

Kwa nini basi majina haya yalihitajika? Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, majina ya zamani ya Kisaksoni yaliachwa hatua kwa hatua, na watu wakawapa watoto wao majina machache yaleyale: William, Robert, Richard, Thomas, na zaidi ya yote John. Kijiji kimoja chaweza kuwa na akina John kumi. Majirani hawakuona taabu, kwani walisema John wa mtoni, John mwana wa Robert, John mhunzi. Aliyeona taabu ni karani. Huyo alitakiwa aandike nani ana shamba gani na nani amelipa nini, tena mara nyingi aliandika kwa Kilatini, ndiyo maana katika daftari za zamani mhunzi huitwa Faber. Mwaka 1377, kisha 1379, na tena 1381, serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya kichwa. Na wasomaji wetu hawana haja ya kuelezwa kodi ya kichwa ni kitu gani, wala jinsi daftari la mtoza kodi liwezavyo kumbatiza mtu. Kodi ile ya mwaka 1381 iliwasha maasi makubwa ya wakulima, ambayo kiongozi wake aliitwa Wat Tyler, maana yake mwezeka vigae. Daftari za miaka hiyo, hasa za Yorkshire mwaka 1379, zinatuonyesha jambo la thamani sana kwa mwalimu wa lugha: humo jina la kazi na kazi yenyewe mara hulingana, mara hutengana. Jina lilikuwa njiani, halijawa la kurithi kwa wote, wala si sifa tupu tena.

Kutengana huko ndiko kufa kwa maana. Siku ile mtoto wa mhunzi alipoamua kuoka mikate, na majirani wakaendelea kumwita Smith, neno liliacha kuwa neno likawa jina. Agizo la mwaka 1538, lililotaka kila kanisa la mtaa liandike daftari la ubatizo, ndoa na mazishi, lilikuja kupigilia msumari wa mwisho.

Hata hivyo si kila Smith ametokana na mhunzi wa Kiingereza, na hapa historia inaingia giza. Nchini Ireland mhunzi alikuwa na jina lake kwa lugha ya Kigaeli, na kizazi chake kiliitwa kwa jina ambalo leo huandikwa McGowan, yaani mwana wa mhunzi. Mwaka 1465 ilipitishwa sheria iliyowataka Waireland waliokuwa wakikaa katika eneo lililotawaliwa na Waingereza kuchukua majina ya Kiingereza, ama ya mji, ama ya rangi, ama ya kazi. Na miongoni mwa kazi zilizotajwa kuwa mfano imo hiyo ya Smith. Katika karne zilizofuata, McGowan wengi, hasa wa jimbo la Cavan, wakawa Smith. Jina lilitafsiriwa, na lugha ya mwenye jina ikazibwa kinywa. Tutakumbuka kwamba huko Ireland, na Uskoti pia, ukoo ulikuwapo kwa maana tuijuayo sisi. Basi jina la Kiingereza lilipoingia lilikuwa kama kifuniko juu ya ukoo; halikuwa ukoo.

Kutoka visiwa hivyo jina likasafiri kwa merikebu. Leo hii ni la kwanza kwa wingi nchini Uingereza na Uskoti; katika Wales halifui dafu mbele ya Jones. Ni la kwanza pia Australia na Marekani. Hesabu ya watu ya Marekani ya mwaka 2010 ilikuta watu 2,442,977 waitwao Smith. Baadhi yao ni wajukuu wa Wajerumani walioitwa Schmidt, ambao waliona heri wajifiche ndani ya jina la Kiingereza, hasa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Na kati ya kila Smith mia wa hesabu hiyo, 71 hivi walijiandikisha kuwa weupe na 23 hivi kuwa weusi. Hao 23 wana habari yao. Watumwa hawakutambuliwa kisheria kuwa na jina la pili. Katika orodha za mali waliandikwa John, Sarah, na bei. Utumwa ulipofutwa mwaka 1865, walioachwa huru walihitaji jina la kuandikiwa kazi, ndoa na ardhi. Wengine walikuwa nalo tayari kwa siri. Wengine walichukua la bwana wao wa mwisho, wengine la bwana wa zamani aliyewamiliki wazee wao ili ndugu waliotawanywa wapate kutafutana, na wengine wakajichagulia lililowapendeza. Mwandishi wa makala haya haoni mfano ulio wazi kuliko huu wa kuonyesha kuwa jina moja laweza kubeba historia zinazogombana. Mwaka 1965 Ian Smith, mwana wa mhamiaji kutoka Uskoti, aliitangaza Rhodesia kuwa huru mikononi mwa walowezi wachache. Mwaka 1968, huko Mexico City, Tommie Smith, mtoto wa wakulima weusi wa Texas, alisimama juu ya jukwaa la ushindi wa mbio za mita 200 akainua ngumi iliyovikwa glavu nyeusi. Jina ni lilelile, herufi kwa herufi.

Kwetu Uganda jina hili liliingia mapema. Luteni Shergold Smith, ofisa wa zamani wa majeshi ya majini, ndiye aliyewaongoza wamisionari wa kwanza wa Kianglikana waliofika kwa Kabaka Mutesa mwishoni mwa mwezi Juni 1877. Aliuawa Ukerewe mwezi wa Desemba mwaka huohuo. Mwaka uliofuata akaja mwenzao Alexander Mackay, Mskoti aliyesomea uhandisi, ambaye kwa miaka ipatayo tisa alifua vyuma, akatengeneza vyombo na kupiga chapa. Watu walikusanyika kutazama moto wake na tupa zake. Kwa hiyo Smith wa Buganda hakuwa mhunzi, na mhunzi hakuwa Smith. Ajabu ni kwamba jina Mackay kwa Kigaeli ni "mwana wa Aodh", na Aodh maana yake ni moto!

Mataifa mengine nayo yana Smith wao. Mfaransa na Mbelgiji wana Lefebvre, Mpolandi ana Kowalski, Mhungari Kovács, Mrusi Kuznetsov, Mwitaliano Ferrari, na Mwarabu ana Haddad. Hili la mwisho si geni pwani, ambako hadi leo husomwa Ratibu ya Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1720, naye alikuwa mwanachuoni, si mfua chuma. Wahunzi tunao tele sisi pia: Muganda humwita omuweesi, Mnyarwanda na Mrundi humwita umucuzi. Lakini maneno hayo hayakugeuka kuwa majina ya kurithiwa na mamilioni ya watu, kwa sababu huku hapakuhitajika. Katika Buganda kila ukoo una hazina yake ya majina. Mtoto hupewa mojawapo, na si lazima liwe la baba yake. Asikiaye jina huutambua ukoo, wala hatarajii kusikia jina la baba. Huko Rwanda na Burundi kila mtoto alipewa jina lake mwenyewe, na ndugu watatu wa tumbo moja waliweza kuwa na majina matatu yasiyofanana.

Sasa fomu imefika, nayo yadai jina la ukoo. Mzazi afanyeje? Wengi hujaza jina la baba. Hapo ndipo naona jambo linalostahili macho ya walimu. Wasswa ni jina la pacha wa kwanza wa kiume katika Uganda. Bukuru ni pacha wa kwanza katika Burundi. Kwa desturi majina haya hayasemi uongo: ukimsikia Wasswa, uliza yu wapi Kato, naye Bukuru ana Butoyi wake. Lakini katika madaftari yetu ya darasani sasa wamo watoto waitwao Wasswa ambao hawakuzaliwa na mwenzi. Pacha alikuwa baba, au babu. Kilichompata yule mwoka mikate wa Yorkshire katika karne ya 14 kinatokea mbele ya macho yetu, kwa kalamu zetu wenyewe.

Kwa hiyo napendekeza kwa wanachama kwamba katika kufundisha habari za majina ya Kiingereza tuseme "jina la kurithi", kisha "jina la ukoo" tuliachie lile ambalo kweli lina ukoo nyuma yake. Na mwanafunzi akiuliza kama Adam Smith aandikwe Adamu Mhunzi katika insha yake, aambiwe la, aliache kama lilivyo. Mhunzi hayumo tena ndani yake. Bali akikuta katika hadithi ya Kiingereza mtu aitwaye "smith" kwa herufi ndogo, mwenye masizi mikononi na mlio wa nyundo nyuma yake, huyo na amwite mhunzi bila kusita.