Kanzu na Kipande: Sura ya Mtu na Jina Apewalo

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo moja katika historia ya Pwani ya Afrika Mashariki na bara lake, nalo ni namna mtu alivyoweza kuhesabiwa kuwa mtu mwingine kwa sababu ya mavazi au sura yake, na yaliyompata kwa ajili ya hesabu hiyo. Jambo hili si la mzaha. Kwa muda wa zaidi ya karne moja, jibu la swali "Huyu ni nani?" limeamua nani alipe kodi gani, nani apige kura, na hata nani auawe. Hoja yetu ni kwamba kosa la jicho ni la kale na ni la watu wote; ubaya wake ulizidi pale kosa hilo lilipoandikwa katika sheria, na yule aliyetazamwa akanyimwa nafasi ya kujieleza.

Tuanze na Pwani yenyewe. Katika karne ya 19 mavazi yalikuwa alama ya cheo. Muungwana alivaa kanzu na kofia, na mwenye mamlaka akaongeza joho, kilemba na jambia. Mtwana hakutarajiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake, na mjakazi alijifunga kaniki au merikani. Kwa hiyo mgeni aliyeshuka chomboni Unguja au Mombasa aliweza kudhani kwamba amekwisha kuwajua watu kwa kuwatazama tu. Wenyeji hawakutosheka na hayo. Waliuliza: kwenu wapi? mlango gani? mwana wa nani? Tena walisikiliza, kwani Kimvita, Kiamu, Kitikuu na Kiunguja havikufichika katika kinywa cha msemaji, na mtu aliyeletwa juzi kutoka bara alijulikana kwa matamshi yake hata akivikwa kanzu nyeupe. Methali nayo ilionya kwamba muungwana ni kitendo, wala si vazi.

Utumwa ulipofutwa kisheria, Unguja na Pemba mwaka 1897 na katika Pwani ya Kenya mwaka 1907, wengi wa waliokuwa watumwa walivaa kanzu na kofia, na wanawake wao wakaingia katika buibui. Haikuwa hila. Walikuwa wakidai hadharani jina walilokuwa wamenyimwa. Wapo waliowacheka, lakini hapakuwa na daftari la kuwarudisha nyuma, na vazi lililokuwa dai kwa baba liliweza kuwa desturi ya kawaida kwa mtoto.

Kabla ya hapo kanzu hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kufuata misafara hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na huko ndiko tunakoona jinsi jicho la mgeni lilivyoweza kupotoka. Mfano mashuhuri ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905. Wazungu walimwita Mwarabu, na kwa nasaba ya baba alikuwa na haki ya jina hilo. Hata hivyo Stanley, alipokutana naye mwaka 1876, hakukosa kuutaja weusi wake. Lakini katika maisha yake, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, Tippu Tip aeleza kwamba miaka michache kabla ya hapo alifika Utetela na kumwambia mtawala Kasongo Rushie kuwa bibi yake alikuwa ndugu wa mtawala huyo, aliyechukuliwa mateka zamani. Mzee yule alikubali, akampokea kama mjukuu, akamkabidhi utawala. Basi mtu mmoja alikuwa Mwarabu machoni pa msafiri na mjukuu wa nyumbani masikioni mwa Watetela. Kisa hiki chatufundisha kwamba sikio nalo hudanganyika. Hata hivyo, palipo na maneno pana kuulizana, na anayeulizana aweza siku moja kuugundua uongo.

Katika miaka ya 1892 hadi 1894 Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ilipigana vita ambavyo vitabu vya Ulaya viliviita vita dhidi ya Waarabu. Ni kweli kwamba miongoni mwa viongozi walikuwamo wenye nasaba ya Oman na ya Pwani, kama Sefu, mwana wa Tippu Tip. Lakini wafuasi wao waliokuwa Nyangwe na Kasongo, miji iliyotekwa mwaka 1893, kwa sehemu kubwa walikuwa watu wa bara hilo hilo waliovaa kanzu, wakasilimu na kusema Kiswahili. Wao wenyewe walijiita waungwana, na jina hilo limebaki katika lahaja ya Kingwana. Waliowaona kwa mbali waliwaita Waarabu, na baada ya vita wakawapa jina la Kifaransa lenye maana ya waliofanywa Waarabu. Hapo lugha ilikiri nusu ya kosa, pasipo kulisahihisha.

Gharama ya kutazamwa hivyo yaonekana katika maisha ya Ngongo Lutete. Huyu hakuwa Mwarabu kwa nasaba yoyote. Alikuwa mtu wa Kongo aliyepanda cheo katika utumishi wa Tippu Tip, akazoea mavazi na desturi za mabwana zake. Mwaka 1892 aliwaacha, akaingia upande wa Dola, na msaada wake ukawa mkubwa katika ushindi uliofuata. Mwezi wa Septemba 1893 afisa wa Dola alimshuku kuwa msaliti, akamhukumu upesi, na Ngongo Lutete akauawa. Waliokuwa askari wake hawakusahau. Walikuwamo katika maasi yaliyozuka Luluabourg mwaka 1895. Hatuwezi kusema kwamba mavazi peke yake ndiyo yaliyomwua. Twaweza kusema kwamba mtu aliyekwisha kuwekwa katika fungu la "Waarabu" alikuwa mwepesi wa kushukiwa, na kwamba utumishi wake haukutosha kumtoa humo.

Turudi sasa Pwani ya Kenya, ambako jicho lilipewa kalamu. Utawala wa Kiingereza ulioanza mwaka 1895 uliwagawanya watu katika mafungu mawili makubwa: wenyeji na wasio wenyeji. Mgawanyo huo ulipoingizwa katika mambo ya kodi, hasa kuanzia mwaka 1910, Mombasa iliingia katika mzozo wa miaka mingi. Wamazrui, waliotawala mji huo hadi mwaka 1837 na ambao lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kimvita, walihesabiwa kuwa Waarabu. Watu wa Thenashara Taifa, yaani Miji Tisa pamoja na Thelatha Taifa za Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, walihesabiwa kuwa wenyeji, ingawa walivaa kanzu ile ile, walisali katika misikiti ile ile na kuoana na hao walioitwa Waarabu. Iliwezekana watoto wa mama mmoja, waliolelewa chini ya dari moja, wakawa katika mafungu mawili mbele ya karani.

Tofauti hiyo haikuwa ya jina tu. Tangu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake, hadi sheria ya mwaka 1947 ilipotaka watu wa rangi zote waandikishwe. Katika mpango wa Baraza la Kutunga Sheria uliotokana na mwaka 1923, Wazungu walipata viti 11 vya kuchaguliwa, Wahindi 5 na Waarabu 1. Waafrika hawakuchagua wajumbe wao hadi mwaka 1957. Kwa hiyo watu wa Thenashara Taifa walipodai kuhesabiwa pamoja na Waarabu, tusifanye haraka kuwashutumu kuwa wamekana asili yao. Kwa hakika wengine walikuwa na majivuno. Lakini serikali ndiyo iliyofunga milango yote isipokuwa ule wa nasaba ya ugenini, kisha ikawashangaa waliougonga.

Wasomali nao waligonga mlango huo. Sheria ya mwaka 1919 iliwaondoa baadhi yao katika fungu la wenyeji kwa mambo fulani, na katika miaka ya 1930 Waishak walidai wahesabiwe kuwa watu wa Asia. Wakati huo kuonekana mgeni kulikuwa na faida. Miaka sabini baadaye mambo yaligeuka. Mwezi wa Novemba 1989 serikali ya Kenya iliwaamuru Wakenya wenye asili ya Kisomali waliotimiza miaka 18 wapite mbele ya kamati za uchunguzi ili kuthibitisha uraia wao, juu ya vitambulisho walivyokuwa navyo tayari. Mwezi wa Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, maelfu ya watu walikamatwa Eastleigh na kwingineko, wengi wakapelekwa katika uwanja wa Kasarani, wakiwamo raia wa Kenya. Pua, nywele na mtandio vilitangulia kusema kabla mwenyewe hajafungua kinywa.

Kwa hiyo mwanafunzi wa historia na wa lugha anapokuta katika hati za kale maneno kama "Mwarabu", "Mswahili" au "mwenyeji", asiyachukue kuwa maelezo ya damu. Ni hukumu zilizotolewa na mtazamaji fulani, mahali fulani, kwa haja fulani. Yampasa aulize ni nani aliyetazama, alikuwa akitafuta nini, na kama aliyetazamwa aliulizwa neno lolote. Wazee wa Mombasa, pamoja na upungufu wao wote na ukali wa mji uliowatenga mtumwa na muungwana, walijua kwamba mtu hatambuliki mpaka ametamka. Dola zilizowafuata zilikuwa na makarani wengi zaidi, na zilisikiliza kidogo zaidi.