Mikato ya kibodi katika terminali

Mikato ya kunakili na kubandika katika terminali ni michanganyiko ya vitufe inayohamisha maandishi kuingia au kutoka kwenye dirisha la kuandikia amri za kompyuta.

Kunakili na kubandika kwa mtindo wa leo kuliendelezwa na Larry Tesler (1945–2020) na Tim Mott katika kituo cha Xerox PARC, Marekani, miaka ya 1970. Programu nyingi hutumia Ctrl+C na Ctrl+V. Ndani ya terminali, hata hivyo, Ctrl+C ina kazi ya zamani zaidi: kusitisha programu inayoendelea. Kwa sababu hiyo terminali nyingi za Linux hutumia Ctrl+Shift+C kunakili na Ctrl+Shift+V kubandika. Kwenye macOS hubonyezwa Command pamoja na C au V, hivyo hakuna mgongano. Dirisha la amri la Windows 10 (2015) hunakili kwa Ctrl+C iwapo kuna maandishi yaliyochaguliwa. Yasipokuwepo, husitisha programu.

Amri iliyobandikwa ikiwa na alama ya mstari mpya inaweza kutekelezwa papo hapo, kabla mtumiaji hajaisoma. Ni salama kuibandika kwanza katika programu ya kuandikia na kuikagua.